Kuitetea Chesisi Iliyoliwa na Kutu

Imeenea rai miongoni mwa wenye magari ya zamani, na mafundi wengi wameipokea bila ya kuipima, kwamba chesisi ikishaingiwa na kutu ya kuitoboa basi gari limekwisha, na kwamba hapana la kufanya ila moja kati ya mawili: ama kuliuza gari kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, ama kuagiza chesisi mpya kutoka ng'ambo, iliyochovywa katika zinki, na kuihamishia bodi, injini na magurudumu. Rai hii husemwa kwa sauti ya yakini, na husemwa na watu wanaoyapenda magari haya kwa dhati, kwa hiyo yastahili jawabu la adabu. Walakini ni rai ya makosa, na makosa yake yamekwisha kupeleka kwenye tanuri magari ambayo yangaliweza kutembea hata leo.

Nitaizungumza kwa mfano wa Landrova, kwa kuwa ndilo gari la zamani lijulikanalo zaidi kwetu, toka Lamu hata Kigoma, na ndilo linalokatiwa hukumu hii mara nyingi kuliko jingine. Mwezi wa Oktoba mwaka 2024 Landrova kwa mamia zilikusanyika Arusha kwa tamasha, na aliyeziona hakuwa na haja ya kuelezwa jinsi watu wetu walivyofungamana nazo: zilizobeba madaktari, mabwana shamba, askari wa wanyamapori na wapima ardhi, nyingine zingali kazini. Kuzihukumu Landrova hizi si jambo dogo, na anayehukumu na ajue kwanza mshitakiwa wake ameumbwaje.

Gari hili lilioneshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Kampuni ya Rover ya Solihull, ambayo Maurice Wilks alikuwa mhandisi wake mkuu, ilikuwa katika dhiki ya chuma, maana vita vilikuwa vimekwisha karibuni tu na serikali ya Uingereza ilikuwa ikikigawa chuma cha pua kwa kipimo. Kwa sababu hiyo bodi ilifanywa kwa aina ya aluminiamu iitwayo Birmabright, na chuma kikawekwa pale ambapo hapakuwa na hila nyingine, hasa kwenye chesisi. Na chesisi yenyewe haikumiminwa katika kalibu, wala haikupigwa umbo kwa mashine kubwa za kukandamiza, ambazo gharama yake ndiyo iliyokuwa ikiepukwa. Iliundwa kwa mabamba manne ya chuma, yenye unene wa kiasi cha milimita 2, yaliyokatwa na kuchomelewa kwenye pembe zao nne mpaka yakafanya mhimili mrefu mfano wa sanduku, wenye uwazi ndani. Hili ndilo jambo ambalo washitaki wake aghalabu hawalitaji. Tangu siku yake ya kwanza chesisi ya Landrova ni kazi ya mchomeleaji, mshono juu ya mshono, na asemaye kwamba haiwezi kuponywa kwa kuchomelewa asema, bila ya kukusudia, kwamba haikuweza kuzaliwa.

Hoja yao ya kwanza ni kwamba kutu hujificha. Kwamba ukikata kipande kimoja kilichooza umeacha vitatu usivyoviona. Hapa pana ukweli nusu, na nusu hiyo ndiyo inayoipa hoja nguvu zake zote. Ni kweli kwamba mhimili wenye uwazi huoza kutoka ndani kuja nje. Matope huingia kupitia matundu yake, hukaa, hushika unyevu. Matundu ya chini yaliyowekwa ili maji yatoke huziba. Na pale maji, hewa na chuma vinapokutana kwa muda mrefu kutu haina budi kutokea, na chumvi huiharakisha. Waingereza huimwaga chumvi wenyewe juu ya barabara zao wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu, na sisi wa Mombasa, Tanga na Unguja huletewa na upepo wa bahari pasipo kuagiza. Tena kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo ikizaliwa baina ya mabamba mawili huyasukuma yakaachana, na mshono hufunguka kabla ya jicho kuona tundu.

Lakini kutokana na hayo haifuati kwamba haijulikani ilipo. Kutu si sihiri. Ina sababu, ina njia, na ina makao. Katika Landrova makao yake yanajulikana kwa kila aliyewahi kulala chini ya gari hilo: boriti ya nyuma inayounganisha mihimili miwili, ambayo hurushiwa tope na magurudumu ya nyuma mwaka hata mwaka, mikono ya pembeni inayobeba ukuta ulio mbele ya dereva, mahali springi zinaposhikwa, na ncha za mbele zilizo nyuma ya bampa. Katikati ya mihimili, ilhali pamefunikwa na kulainishwa na mafuta yanayovuja kutoka kwenye injini na giaboksi, mara nyingi chuma hukutwa kizima kabisa. Hoja hiyo basi humtaka mtu autupe mwili kwa ajili ya viungo vya ncha.

Na kujua mpaka wa kutu ni elimu, haina ubahatishaji. Gari huoshwa kwanza, na kuoshwa kweli, mpaka tope la miaka litoke ndani ya mihimili kwa maji ya nguvu. Kisha fundi huchukua nyundo ndogo na kuipitisha shibiri kwa shibiri. Chuma kizima kikigongwa hulia. Kilichooza hutoa sauti ya kufa, na ncha ya bisibisi hukidhihirisha. Penye shaka, hufungua dirisha dogo kwa grenda, akamulika ndani kwa tochi, akatazama. Dirisha hilo atalifunga baadaye kwa bamba lile lile alilolitoa. Fundi aliyefanya haya hasemi tena kwamba kutu imejificha. Asiyeyafanya hana haki ya kusema kitu.

Sisi watu wa pwani, kwa kweli, ingetupasa kuwa wa mwisho kuiamini rai hii, kwa sababu wazee wetu waliijibu kabla ya magari kuwako. Jahazi hupandishwa ufukoni wakati wa bamvua, hukaguliwa, na taruma lililooza hutolewa likatiwa jipya, ubao ulioliwa hung'olewa ukatiwa mwingine, viungo vikatiwa kalafati ya pamba iliyolowa mafuta, na chini kukapakwa deheni. Hakuna nahodha wa Lamu aliyechoma jahazi lake kwa sababu ya mataruma mawili. Na tazama jinsi fundi wa majahazi anavyokata: hakati pale ubao unapoonekana mbaya, hukata mbele zaidi, mpaka afike kwenye mti safi, wala haungi ncha kwa ncha, bali huunga kwa mshazari mrefu, ili nguvu ya bahari isipate mstari mmoja wa kuupasua. Sheria hizi mbili, kukata hata kufikia kizima na kuunga kwa mshazari, ndizo sheria mbili za kuitengeneza chesisi. Ajabu ni kwamba ujuzi ambao baba zetu waliuona wa kawaida katika mti tunauona muhali katika chuma, ambacho ni rahisi zaidi kukiunga, maana mti huungwa kwa misumari na chuma huungwa kwa kuyeyushwa kikawa kitu kimoja.

Hapo hujibiwa kwa hoja ya pili: kiungo cha kuchomelea ni udhaifu, na gari lenye udhaifu huua. Hoja hii naiheshimu kuliko zote, kwa sababu imezaliwa na hofu ya haki. Nimeona chesisi zilizotengenezwa zikapasuka. Lakini katika zote nilizoziona, kilichopasuka kilikuwa kazi mbaya, na kazi mbaya ina alama zake.

Alama moja ni mkato wa wima, uliopita pande zote nne za mhimili mahali pamoja, kisha vipande vikaunganishwa uso kwa uso. Mkazo wote wa gari lililosheheni hupita katika mstari huo mmoja, na siku ya shimo kubwa mstari huo hufunguka. Fundi hodari hupanga viungo vyake visikutane: ubavu wa ndani huukata mahali pamoja, wa nje mahali pengine, na pande za juu na chini mbali zaidi, kila mkato ukiwa wa mshazari, na akiona haja ya kutia nguvu juu ya kiungo huweka bamba lenye umbo la almasi, ambalo ncha zake nyembamba hugawa mkazo kidogo kidogo badala ya kuukatiza ghafula. Alama nyingine, ambayo huwadanganya hata wenye nia njema, ni unene. Mtu hudhani kwamba bamba la milimita 5 ni bora kuliko la milimita 2, kwa kuwa ni zito na humpa moyo. Kumbe chesisi iliundwa ili ipinde kidogo njiani na kurudi, na palipobandikwa bamba nene hapapindi. Kwa hiyo chuma chembamba kilicho jirani yake hulazimika kupinda kwa ajili ya wote wawili, na ufa huanza pale hasa ugumu unapokoma. Tiba ya milimita 2 ni milimita 2.

Kisha iko kazi ya nukta nukta, ambayo mchomeleaji mvivu huidonoa hapa na pale na kuifunika kwa rangi. Mshono wa kiraka lazima uzunguke wote bila ya kukatika, kwani pasipozibwa maji huingia baina ya bamba na bamba, na kutu huanza upya mahali ambapo hapana brashi itakayofika. Ukaguzi wa magari wa Uingereza, ulioanza mwaka 1960, unao mwendo huu huu: huyatazama kwa ukali maeneo yaliyo ndani ya sentimita 30 kutoka zinaposhikwa springi, breki, usukani na mikanda ya viti, na hukikataa chuma dhaifu kilichopo hapo, lakini kiraka kilichochomelewa kwa mshono usiokatika juu ya chuma kizima hukikubali. Wakaguzi wa nchi iliyoliunda gari hawasemi kwamba chesisi iliyotengenezwa ni ya kutupwa, nasi tunasema kwa niaba yao.

Moto nao huweza kuupinda mhimili, na wapinzani wetu hulitaja hilo kana kwamba ndilo la mwisho. Halikosi dawa. Gari huwekwa juu ya stendi imara mahali tambarare, vipimo vya mshazari kutoka kona hadi kona huchukuliwa na kuandikwa kabla ya mkato wa kwanza, vyuma vya kuzuia hushikizwa kwa muda kutoka mhimili hadi mhimili, upande mmoja humalizwa ndipo wa pili uguswe, na mshono huchomwa kwa vipande vifupi huku na huku ili joto lisirundikane. Kabla ya hayo yote betri hufunguliwa, tangi la mafuta, ambalo katika Landrova za miaka ile aghalabu hukaa chini ya kiti cha mbele cha kulia, hutolewa kabisa likawekwa mbali, na nyaya za umeme za nyuma huvutwa zikatoka. Kwa maana katika magari haya nyaya hizo hupita ndani ya chesisi yenyewe, na mchomeleaji asiyejua huziunguza bila ya kuona hata moshi wake umetoka wapi. Nasema haya kwa urefu kwa sababu asiyeyajua ndiye mara kwa mara mwenye kuikariri ile kauli ya kwamba chesisi haitengenezeki.

Na hapa lazima niwageukie wale ambao, kwa matendo yao, wamewapa wapinzani wangu ushahidi. Ziko gereji bubu, na ziko gereji zenye vibao vikubwa, ambazo hulipiga bamba jipya juu ya kutu ya zamani bila ya kuikata, hujaza puti penye pengo, hupaka lami nyeusi juu ya yote, na kumkabidhi mwenye gari kwa kauli ya heri. Hiyo ni ghashi. Lami huufunika unyevu ndani, bamba huuficha uozo usionekane, na baada ya masika machache kiraka hubaki kikining'inia kwenye chuma ambacho hakipo. Wengine huipaka chesisi oili chafu iliyotolewa kwenye injini, wakidhani wanaihifadhi, na huyapeleka katika udongo na visima vyetu masizi na sumu zilizomo. Nawalaumu hawa kwa moyo wangu wote. Lakini mwenye insafu hawezi kuchukua kazi ya mlaghai akaifanya burhani dhidi ya kazi ya fundi. Chesisi yenye kiraka juu ya kutu haikutengenezwa ikashindwa, haikutengenezwa.

Hebu sasa tuitazame dawa ya wapinzani wetu, yaani chesisi mpya ya zinki. Zinki ni kitu chema, na simbezi anayeipenda: chesisi huchovywa katika zinki iliyoyeyushwa kwa joto la kiasi cha nyuzi 450, na zinki hiyo hujitoa kuliwa kwanza ili chuma kisalimike. Rover wenyewe walilijua jambo hili, kwani magari 48 ya majaribio waliyoyatanguliza mwaka 1948 yalikuwa na chesisi za zinki, kabla ya kuhamia kwenye rangi kwa magari ya kuuzwa. Lakini kitu kinachojitoa kuliwa siku moja huisha, na karibu na bahari huisha mapema zaidi. Aliyenunua chesisi mpya bila ya kujifunza kwa nini ya kwanza ilioza, asiyeyazibua matundu yake, asiyeliosha gari kwa maji baridi baada ya kupita ufukoni, amenunua muda tu. Tena hiyo zinki haikatazwi kwa chesisi iliyotengenezwa: mihimili iliyokatwa na kuungwa vyema huweza kuchovywa vile vile, mradi isiwe na uvungu uliozibwa pande zote, ambao unyevu wake ukigeuka mvuke ndani ya zinki ya moto huweza kupasuka na kujeruhi watu. Atakayechomelea baadaye juu ya chuma chenye zinki aikwangue kwanza, kwani moshi wake huleta homa.

Iko pia hesabu ya fedha, na hesabu hii imetuingilia kutoka mahali pengine. Mwingereza huambiwa kwamba kuitengeneza chesisi ni ghali kuliko kununua mpya, na kwake huenda ikawa kweli, kwa kuwa saa moja ya mchomeleaji ni ghali sana huko ilhali kiwanda cha chesisi kiko mwendo wa nusu siku. Kwetu mambo yamepinduka. Chesisi mpya lazima ipande meli, ilipiwe nauli kwa ukubwa wake, ilipiwe ushuru bandarini, kisha isafirishwe tena bara. Na mikono ya kuitengeneza ile ya zamani iko Gikomba, iko Tanga, iko Mwanza, ikingojea kazi. Hesabu ya Birmingham haifai kulipia deni la Mombasa. Kila chesisi inayoagizwa bila ya haja ni mwanagenzi mmoja asiyejifunza kukata kwa mshazari, na fundi mmoja mzee anayekufa na ustadi wake.

Tena chesisi ndiyo nasaba ya gari. Katika Landrova za mfululizo wa pili na wa tatu namba yake imegongwa kwenye chuma cha mbele, upande wa kulia, karibu na inaposhikwa springi. Injini nyingi zimekwisha badilishwa mara tatu na nne, milango imetoka magari mengine, viti havisemeki. Kilichotoka Solihull na kubaki kile kile ni mihimili ile. Hata taratibu za usajili za Uingereza, zilipokuwa zikipima kwa alama kama gari lililojengwa upya lastahili kubaki na namba yake ya zamani, ziliipa chesisi alama 5 na injini alama 1. Ni kweli kwamba taratibu hizo zilikubali chesisi mpya ya namna ile ile, na silifichi. Lakini penye uchaguzi, kwa nini mtu aanze kwa kukiondoa kile chenye uzito mkubwa kuliko vyote?

Sisemi kwamba kila chesisi huponyeka. Iko iliyopinda katika ajali na kuoza pamoja, ambayo vipimo vyake havikubali tena kurudi. Iko ambayo nyundo imepita kutoka springi za mbele hadi za nyuma na haikusikia mlio hata mahali pamoja. Hiyo haina chuma kizima cha kushikia mshono, na mwenye nayo na anunue mpya bila ya kuona haya, ila asiikate ile namba na kuipachika kwenye mwili mgeni, kwani hiyo ni kughushi. Lakini chesisi ya namna hiyo hujulikana kwa uchunguzi, na mimi nagombana na hukumu inayotolewa kabla ya uchunguzi, na mtu aliyesimama wima, ambaye hakuinama hata kutazama chini ya gari.

Basi nawataka wenye magari wadai mambo ambayo fundi wa kweli hataona uzito kuyatoa. Aoneshe vipande alivyovikata, ili ionekane kwamba mkato ulifika kwenye chuma king'aacho pande zote. Aoneshe mshono ukiwa mtupu, kabla ya praima na rangi. Aandike vipimo vya mshazari vya kabla na vya baada. Apulize nta ndani ya mihimili kupitia matundu, na ayaache matundu ya chini yakiwa wazi. Na yule atakayesema kwamba gari ni la kupimwa kilo, naye aoneshe mahali nyundo yake ilipogonga na chuma kisilie, mahali baada ya mahali, kwa chaki nyeupe, mbele ya macho ya mwenye gari.